“Shall” ya mikataba na sheria: “atalipa”, “alipe” au “lazima alipe”?

Mwanagenzi, Morogoro

Wakubwa shikamooni, na wengine wote nawasalimu.

Nimeanza kazi ya kutafsiri nyaraka mwaka huu. Kazi niliyo nayo sasa ni mkataba wa pango la fremu ya duka, wenye kurasa 6, ambao uliandikwa kwa Kiingereza na sasa unatakiwa kwa Kiswahili kwa sababu mpangaji hasomi Kiingereza na hataki kutia sahihi jambo asilolielewa. Neno lililonikwamisha si gumu kwa kulitazama. Ni “shall”, na nimelikuta mara 41 katika kurasa hizo 6.

Shuleni nilifundishwa kwamba “shall” ni alama ya wakati ujao kwa nafsi ya kwanza, yaani “I shall” na “we shall”, na kwamba nafsi nyingine hutumia “will”. Lakini katika mkataba huu nafsi ya kwanza haipo kabisa. Kuna “the Tenant shall”, “the Landlord shall”, “the rent shall” na hata “this Agreement shall”. Kwa kanuni niliyofundishwa, sielewi mwandishi alikuwa akifanya nini.

Chukueni sentensi hii: “The Tenant shall pay the rent on or before the fifth day of every month.” Rasimu yangu ya kwanza ilisema: “Mpangaji atalipa kodi ya pango tarehe 5 ya kila mwezi au kabla ya tarehe hiyo.” Mwenzangu ofisini ameikataa. Anasema “atalipa” ni habari ya kesho tu, kama kusema mvua itanyesha, na mtu hawezi kushtakiwa kwa sababu mvua haikunyesha. Kwa hiyo anataka “lazima alipe” kila palipo na “shall”. Nilijaribu kumfuata. Nilipofika kwenye fasili ya maneno nikapata “Neno ‘kodi’ lazima limaanishe”, na mbele kidogo nikapata “Mkataba huu lazima ukome iwapo”, nikaona hapa nimepotea njia.

Baadaye nilimsomea mpangaji mwenyewe rasimu ya kwanza, naye akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: “Hapo ulipoandika kwamba nitalipa, hiyo ni ahadi yangu au ni amri yake?”

Naomba msaada wenu. “Shall” hasa ni nini, na je, kuna neno moja la Kiswahili linaloweza kulibeba katika sehemu zote 41?

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, Tanga

Marahaba, Mwanagenzi. Mpangaji wako amegusa kiini cha jambo, nami nitaanzia alipoishia yeye.

Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa “sceal”, na maana yake ilikuwa kuwa na deni. Aliyekitamka pamoja na kiasi cha fedha alikuwa akisema kwamba anadaiwa kiasi hicho. Kiswahili kina kitenzi kinachokaribia sana maana hiyo, nacho ni “wiwa”, ambacho vijana hawakitumii sana siku hizi lakini wasomaji wa Waraka kwa Warumi wanakifahamu: “Nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani.” Ndugu yake “shall” katika Kijerumani, “sollen”, amebaki na maana ya wajibu mpaka leo. Maana ya wakati ujao ilikuja baadaye, tena kwa njia inayoeleweka, kwa kuwa jambo ninalowiwa kulifanya bado sijalifanya, na kwa hiyo liko mbele yangu. “Will” lilianzia kwingine, kwenye kutaka, likafika kwenye wakati ujao kwa barabara yake.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha yetu, maana linampa mwenzako wa ofisini haki kidogo. Wanaisimu wanaeleza kwamba “-ta-” yetu ya wakati ujao imetokana na kitenzi “taka”, na ushahidi tunao vinywani kila siku tunaposema “atakayekuja” au “nitakapofika”, ambapo “-taka-” inajitokeza nzima. Kwa asili yake, basi, “-ta-” ni jamaa wa “will” kuliko “shall”. Lakini asili ya neno haiamui matumizi yake ya leo, na hilo nitalirudia hapa chini.

Kuhusu kanuni ya shuleni, ulifundishwa nusu yake. John Wallis, mwanahisabati wa Uingereza, aliiandika mwaka 1653 katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza alichokitunga kwa Kilatini. Alisema kwamba katika nafsi ya kwanza “shall” hutabiri na “will” huahidi au kutisha, ilhali katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, yaani “will” ndiyo hutabiri na “shall” ndiyo huahidi au kutisha. Walimu wengi, nami nilikuwa miongoni mwao kwa miaka mingi, tuliwafundisha wanafunzi “I shall” na “he will” tukaishia hapo. Nusu tuliyoiacha ndiyo unayoihitaji sasa. “The Tenant shall” ni nafsi ya tatu, kwa hiyo hata kwa kanuni ile ya zamani haikuwa utabiri hata kidogo. Ni msemaji anayeweka mapenzi yake, au mapenzi ya makubaliano, juu ya mtu mwingine.

Katika mazungumzo ya leo “shall” limebaki zaidi kwenye maswali ya nafsi ya kwanza, na hapo Kiswahili kinalijibu kwa uzuri wa pekee. “Shall I open the window?” ni “Nifungue dirisha?” na “Shall we go?” ni “Twende?” Hatusemi “Nitafungua dirisha?” isipokuwa kama tunataka kujua yatakayotokea. Tunatumia kiishio “-e” kwa sababu anayeuliza anataka aambiwe la kufanya. Kwa hiyo “Mpangaji alipe kodi ya pango” si tafsiri mbaya. Kasoro yake ni kwamba inasikika kama maelekezo ya mtu mmoja kwa mwingine, kama mwenye nyumba anayezungumza na msimamizi wake, ilhali mkataba ni sauti ya wawili.

Sasa nirudi kwenye “-ta-”. Mwenzako anasema “atalipa” ni kama “mvua itanyesha”. Aisikilize lugha inavyosemwa majumbani. Mama humtuma mtoto akamwambia: “Utapita kwa bibi yako, utachukua kile kikapu, utamwambia nitakwenda kumwona jioni.” Hakuna mtoto aliyelelewa huku kwetu anayeona utabiri hapo, anajua ametumwa, na anajua kwamba akirudi bila kikapu ataulizwa. “-ta-” inapowekwa juu ya mtu mwenye uwezo wa kutenda, na msemaji akiwa na haki ya kumtaka atende, inabeba agizo. Mvua haina masikio, ndiyo maana “itanyesha” hubaki kuwa utabiri.

Ukitaka mfano wa watafsiri waliokataa “-ta-”, tazama Amri Kumi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema “Thou shalt not kill”. Yetu, Kutoka 20:13, inasema “Usiue.” Neno moja tu, wala hawakuandika “Hutaua”. Walisikia kwamba katika katazo la moja kwa moja, anayeambiwa akiwa mbele ya msemaji, Kiswahili kinataka “usi-” na “-e”.

Mwambie mpangaji wako kwamba ni ahadi, kwa kuwa anatia sahihi kwa hiari yake, na kwamba sahihi yake ikikauka ahadi hiyo inakuwa deni, ambayo ndiyo maana ya kwanza kabisa ya neno lenyewe.

Wakili, Dar es Salaam

Mwalimu, shikamoo. Umenifunza kuhusu Wallis jambo ambalo sikulijua. Mimi nitaongeza upande wa sheria.

Kwa Tanzania, mahali pa kuanzia ni Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kifungu cha 53 kinasema kwamba “may” linapotumika kutoa mamlaka, mamlaka hayo yanaweza kutumika au kutotumika kwa hiari ya aliyepewa, na kwamba “shall” linapotumika kutoa jukumu, jukumu hilo sharti litekelezwe. Kifungu hicho kinahusu sheria zilizoandikwa. Mkataba wa pango husomwa kwa kutazama makubaliano ya pande zake, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Hata hivyo mawakili wamezoea lugha ya sheria kiasi kwamba wanaiingiza katika mikataba bila kufikiri, na hivyo ndivyo “shall” 41 zilivyofika mezani kwako.

Je, “-ta-” inatosha kubeba wajibu wa kisheria? Nafasi ya kwanza ya kutazama ni Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 33 inaanza hivi: “Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano.” Ibara ya 62 inasema: “Kutakuwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano.” Kiingereza chake ni “There shall be”. Hakuna anayesoma maneno hayo akadhani Katiba inabashiri kwamba huenda siku moja atapatikana Rais. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania, matumizi hayo yanazidi kuenea. Kwa hiyo “Mpangaji atalipa” ina nguvu kamili, na mwenzako asiogope.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko kuchagua kati ya “atalipa” na “lazima alipe”, nalo ni kudhani kwamba kila “shall” inaweka wajibu. Kabla ya kutafsiri yoyote kati ya hizo 41, jiulize: ni nani anayewiwa, naye anawiwa nini, na anawiwa na nani? Ukipata majibu yote matatu, una wajibu mbele yako. Usipopata hata la kwanza, mwandishi ametumia “shall” kwa mazoea tu, nawe huna sababu ya kumfuata.

“‘Rent’ shall mean” haina mtu ndani yake. Andika “‘Kodi ya pango’ maana yake ni”, basi. “This Agreement shall terminate if” inaeleza matokeo, kwa hiyo “Mkataba huu utakoma iwapo” inafaa, na hapo “-ta-” ni ya wakati ujao kweli. “The Landlord shall be entitled to inspect” inatoa haki: “Mpangishaji atakuwa na haki ya kukagua.” Ukiandika “lazima akague” umemgeuzia haki yake ikawa mzigo, na ipo siku mpangaji atamdai ukaguzi ambao hakuahidi kuufanya.

Makatazo ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Tuseme mkataba unasema “The Tenant shall not pay for repairs to the roof.” Ukiandika “Mpangaji hatalipia matengenezo ya paa”, msomaji anaweza kuona katazo, kana kwamba mpangaji akitoa fedha zake mwenyewe amevunja mkataba, au anaweza kuona nafuu, yaani kwamba gharama hiyo haimhusu. Kwa Kiingereza mwandishi makini angeandika “shall not be required to pay”, na kwa Kiswahili tuandike “hatawajibika kulipia”. Kwa katazo halisi, kama kumpangisha mtu mwingine, “Mpangaji hataruhusiwa kumpangisha mtu mwingine” ni bora kuliko “hatampangisha”, kwa kuwa inaonyesha wazi kwamba mlango umefungwa. Na ukikutana na “may not”, simama. Katika mikataba “The Tenant may not sublet” ni katazo sawasawa na “shall not”. Nimewahi kupokea tafsiri iliyosema “Mpangaji anaweza asipangishe”, ikimaanisha kwamba pia anaweza kupangisha, kinyume kabisa cha walichokubaliana.

Sasa nije kwenye aina ninayoiogopa kuliko zote, nayo ni ile isiyomtaja mtendaji: “The roof shall be repaired before the rains.” Sarufi yake ni safi na wajibu umo, lakini mwenye wajibu hayumo. Niliwahi kusimamia mgogoro uliotokana na sentensi ya namna hiyo. Mwenye jengo aliamini kwamba mpangaji ndiye mkaaji na kwa hiyo ndiye wa kutengeneza. Mpangaji aliamini kwamba paa ni la mwenye jengo. Masika yakaja, bidhaa zikaloa, na wote wawili walifika ofisini wakiwa na nakala ya mkataba uleule, kila mmoja akiwa ameweka kidole kwenye mstari uleule. Tafsiri ya Kiswahili ilisema “Paa litatengenezwa kabla ya mvua”, na kama tafsiri haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa katika asili, na mtafsiri alilipitisha bila kuuliza. Ninakuomba, Mwanagenzi, usimbuni mtendaji kwa kichwa chako, kwa sababu ukifanya hivyo umeandika mkataba mpya. Lakini pia usinyamaze. Weka alama pembeni, uwaulize wahusika.

Niongeze kwamba hata “shall” ya sheria yenyewe haikuwa daima kamba isiyokatika. Katika uamuzi wa Rufaa ya Jinai Na. 118 ya 2006, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba neno hilo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai halisomwi kwa ukali wa kifungu cha 53 peke yake, bali linasomwa pamoja na kifungu kinachotaka kujua kama dosari iliyotokea imesababisha haki kutotendeka. Jukumu linabaki kuwa jukumu; kinachopimwa ni matokeo ya kutolitimiza.

Msomaji wa Katiba, Nairobi

Hamjambo. Wakili amegusia jambo ambalo kwetu Kenya limetutikisa kwa miaka, nami naomba nilieleze kwa kuwa linaonyesha mzigo ambao neno hili dogo linaweza kubeba.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 27(8), inasema kwamba Serikali “shall” kuchukua hatua za kisheria na nyinginezo ili kutekeleza kanuni kwamba si zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa “shall” kuwa wa jinsia moja. Angalieni kwamba kuna “shall” mbili katika sentensi moja. Ya kwanza inamtaja mwenye wajibu, ambaye ni Serikali. Ya pili inaeleza hali inayotakiwa kuwapo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliombwa ushauri: je, kanuni hiyo ilipaswa kutimizwa kikamilifu katika uchaguzi wa mwaka 2013, au ingeweza kutimizwa hatua kwa hatua? Majaji wengi walisema hatua kwa hatua, wakaweka ukomo wa tarehe 27 Agosti 2015 wa kutunga sheria, na sehemu ya hoja yao ilihusu neno lenyewe: kwamba “shall” huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo jambo linaloamriwa liko tayari kutekelezwa lilivyo, bila maandalizi zaidi. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao.

Ukomo ulipita bila sheria. Hapo ndipo Ibara ya 261(7) ilipoingia. Inasema kwamba Bunge likishindwa kutunga sheria baada ya amri ya mahakama, Jaji Mkuu “shall” kumshauri Rais alivunje Bunge, na Rais “shall” kulivunja. Ukitumia maswali ya Wakili, sentensi hiyo ina majibu yote, kwa maana watendaji wote wawili wametajwa kwa vyeo vyao. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitimiza sehemu yake, akamshauri Rais. Suala likapelekwa Mahakama Kuu, utekelezaji ukasimamishwa, na Bunge lile likaendelea mpaka uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022.

Siandiki haya kwa kulalamikia upande wowote. Ninachotaka Mwanagenzi akione ni tofauti kati ya maana ya neno na nguvu ya kulitekeleza. Maana ya “the President shall dissolve Parliament” ilikuwa wazi kwa kila msomaji, na kwa Kiswahili ningeiandika “Rais atalivunja Bunge” bila kusita. Hata kama Kiingereza kingekuwa “must”, sioni kwamba mambo yangekwenda tofauti. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo wanaoona dawa ni kulitupa neno lenyewe. Afrika Kusini, kwa mfano, iliandika katiba yake ya mpito ya mwaka 1993 kwa “shall”, na katiba yake ya mwaka 1996 kwa “must”. Marekani nayo iliondoa “shall” katika kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai ya mahakama za shirikisho zilipoandikwa upya mwaka 2007. Ninaikubali hatua hiyo kwa sababu moja, kwamba “must” haiwezi kujificha. Huwezi kuandika “‘Rent’ must mean” bila sikio lako mwenyewe kukukemea, kama lilivyomkemea Mwanagenzi alipoandika “lazima limaanishe”.

Mkaguzi wa viwango, Arusha

Nawasalimu nyote. Sitasema mengi, ila sisi tunaofanya kazi na hati za viwango na zabuni tuna utaratibu wetu, na si vizuri mtafsiri akutane nao bila kuujua. Katika hati za ISO, shirika la kimataifa la viwango, “shall” ni sharti, “should” ni pendekezo, “may” ni ruhusa na “can” ni uwezekano. Hakuna kuchanganya. Waandishi wa itifaki za intaneti nao wana hati yao, RFC 2119 ya Machi 1997, inayosema kwamba “must” na “shall” yana maana moja, yaani takwa lisilo na msamaha.

Tatizo letu la Kiswahili hapa ni neno “paswa”. Tunaliandika kwa “shall” na tunaliandika kwa “should”, kisha msomaji hajui kama mtambo usiotimiza takwa hilo unakataliwa au unapewa ushauri. Mimi nimeacha kulitumia katika hati za ukaguzi. Kwa “shall” naandika “lazima”, na kwa “should” naandika “inashauriwa”.

Kwa anayeona hilo ni jambo dogo, akumbuke Paris, tarehe 12 Desemba 2015. Katika andiko la mwisho la Makubaliano ya Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi, Ibara ya 4(4) ilikuwa imeandikwa kwamba nchi zilizoendelea “shall” kuendelea kuongoza kwa kuweka malengo ya kupunguza gesi chafu kwa uchumi wao wote. Wajumbe wa Marekani walipoliona neno hilo walisema hawawezi kulikubali, kwa kuwa wajibu wa namna hiyo ungelazimu mkataba upelekwe mbele ya Seneti yao. Kikao cha mwisho kilicheleweshwa, kisha neno likasahihishwa kuwa “should” pamoja na marekebisho mengine ya kiufundi, na makubaliano yakapitishwa. Sasa jaribuni kuyatafsiri yote mawili kwa “zinapaswa kuendelea kuongoza”. Mabishano yote ya siku ile yanapotea.

Mwanagenzi, Morogoro

Ninawashukuru sana. Nimerudi mezani na kuzipitia zote 41 kwa maswali ya Wakili, na matokeo yamenishangaza. Wajibu halisi wenye mtu ni 23. Hizo nimeziacha kwa “-ta-”, kwa mfano “Mpangaji atalipa”, “Mpangishaji atakabidhi funguo”, na nimeongeza sentensi moja mwanzoni, kwa ridhaa ya pande zote, isemayo kwamba katika mkataba huu maneno “atalipa”, “atakabidhi” na mengine ya namna hiyo yanaweka wajibu wa lazima. Makatazo ni 6, yote nimeyaandika kwa “hataruhusiwa”. Fasili, haki na matokeo ni 9, na humo hakuna “lazima” hata moja.

Zimebaki 3 zisizo na mtendaji: ukarabati wa choo cha pamoja, bima ya moto, na, kama Wakili alivyotabiri, paa. Je, ni sahihi niziache kwa Kiswahili kilekile kisichotaja mtu mpaka nipate jibu?

Wakili, Dar es Salaam

Ni sahihi, mradi rasimu hiyo isitiwe sahihi ikiwa katika hali hiyo. Ile sentensi uliyoiongeza mwanzoni ni nzuri, ila iandike pia katika nakala ya Kiingereza, na mkataba useme ni nakala ipi itakayofuatwa endapo zitatofautiana. Kwa mpangaji asiyesoma Kiingereza, ningeomba iwe ya Kiswahili.

Mwanagenzi, Morogoro

Nimewapigia simu wote wawili. Mwenye jengo amesema bima ni yake na choo ni cha kuchangia. Kuhusu paa kila mmoja amemtaja mwenzake, kwa hiyo tunakutana Alhamisi dukani, chini ya paa lenyewe.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, Tanga

Mkikutana, msomee tena mpangaji kifungu cha kodi, umwulize kama sasa anasikia ahadi au amri. Ningependa kujua atakavyojibu.